Sura ya Saba: Kasha Kwanza, Kuta Baadaye

Ukitoka Rongo kushika barabara ya Homa Bay, unauacha mji huo wa Kaunti ya Migori nyuma yako na kabla hujafika mbali uko Asumbi, upande wa Rangwe. Kuta kongwe za hapa ni za misheni. Wamisionari wa Mill Hill, waliotia nanga Kisumu mwaka 1903, walifika mwanzoni mwa miaka ya 1910, wakajenga. Baadaye likaja shirika la Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, kikaja chuo cha ualimu, ikaja shule ya wasichana ambayo jina lake linajulikana kote Nyanza. Kwa vizazi kadhaa Asumbi imezalisha walimu, na mwalimu ni mtu wa mshahara. Mwisho wa mwezi humkuta ana pesa mkononi, hata kama tarehe tano inamkuta hana.

Pamoja na hayo yote, ukongwe wa Asumbi ni wa kanisa na ubao wa darasani. Hakuna nyumba ya benki ya enzi ya rupia, yenye mlango mzito na madirisha ya nondo, ambayo wazee wangeionyesha kwa kidole na kusema hapa ndipo pesa zetu zilipolala. Kitabu kinachosimulia majengo ya zamani kwa kawaida hupita mahali pa namna hii bila kusimama. Mimi nasimama, kwa sababu pesa za hapa zilijenga kuta, ila kuta zenyewe zilisimama kwingine.

Tuanzie huko kwingine, mahali ambapo benki ya mji mdogo ilizaliwa kwa namna inayochekesha hadi leo.

Mwaka 1912 mji wa Eldoret ulikuwa bado haujazoea jina lake. Walowezi waliuita 64, kwa sababu ulikuwa umekaa juu ya shamba lenye namba hiyo kwenye ramani ya wapima ardhi. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walikuwa wamepanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, na posta ikafuata miaka miwili baadaye. Reli haikufika mpaka 1924. Kila kitu kizito kilishushwa kwenye stesheni ya Londiani, kikapakiwa kwenye magari ya maksai na kukokotwa msituni kwenye tope, siku nenda siku rudi.

Benki ya Standard Bank of South Africa ilikuwa imeingia nchini mwezi wa Januari 1911, ikafungua milango Mombasa na Nairobi. Mwaka uliofuata ikamtuma mtu wake, J. C. Shaw, aende 64 akafungue tawi. Pamoja naye lilikwenda kasha la chuma, yaani sefu. Hadithi inayosimuliwa Eldoret ni kwamba kasha lile lilipoteremshwa, wengine husema lilipoporomoka lenyewe kutoka kwenye gari, halikuinuka tena. Watu walisukuma, walivuta, walitoa ushauri mwingi, na kasha likabaki pale pale. Basi wakaamua kulijengea kuta hapo hapo lilipoangukia. Tawi la kwanza la benki la mji ule likawa kibanda cha udongo kilichozunguka kasha.

Sishangai kama simulizi hiyo imeongezwa chumvi kila iliposimuliwa baani, na 64 haikukosa baa. Moja yao ilipewa jina la Rat Pit, shimo la panya. Hata hivyo naiamini kwa jambo moja la ujenzi. Nyumba nyingine huanza na paa: mtu anatafuta kivuli, kisha anaweka vitu ndani. Benki huanza na kile kisichotakiwa kuondoka. Mchoraji wa benki ya zamani aliweka kwanza chumba cha hazina, akakipa ukuta mnene kuliko ukuta wowote mwingine, akakinyima dirisha, akakipa mlango mmoja ambao funguo zake hushikwa na watu wawili ili mmoja asiweze kuingia bila mwenzake. Baada ya hapo ndipo alipochora kaunta, meza ya meneja, na zile nguzo za mbele ambazo kazi yake ni kumwambia mteja kwamba nyumba hii haiendi popote. Shaw hakuwa na nguzo. Alikuwa na kasha, na kwa kuanzia lilimtosha.

Ila kasha lilikuwa limefuata nini 64, hata likakokotwa kote huko? Lilifuata mashamba. Mlowezi alikuwa na hati ya ardhi, na hati ni kitu cha kuweka rehani. Benki ilimkopesha kwa mavuno ambayo hayajapandwa, kwa sababu mavuno yakikataa lilikuwepo shamba la kukamata.

Benki kubwa zaidi ya wakati ule ilikuwa imefuata kitu kingine. National Bank of India, iliyoanzishwa Calcutta mwaka 1863, ilifungua Unguja mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Huo mwaka wa 1896 ndio reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa. Zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 waliletwa kutoka India, nao walilipwa kwa rupia. Rupia zilihitaji mahali pa kuhesabiwa, kulindwa na kurudishwa nyumbani kwa familia. Mwaka 1904 benki ikafungua Nairobi, ambao nao ulikuwa mji mdogo wa mabati uliopata umuhimu kwa sababu reli ilikuwa imeweka makao yake pale. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilikuwa imeligusa Ziwa huko Kisumu, na kuanzia siku hiyo mali ya Nyanza yote, ngozi, ufuta, mahindi, ilikuwa na njia moja ya kutokea.

Sasa turudi kusini mwa Ghuba, upande wa Asumbi. Kabla ya rupia, mwenye mali huku alikuwa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe mwerevu hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwagawa: mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki wa ng'ambo ya mto, mtamba kwa binamu. Ugonjwa ukipiga boma lake, au wezi wakija usiku, ukoo haukumalizika. Kumbukumbu zilikaa kwenye vichwa vya watu, na deni liliweza kurithiwa na wajukuu. Nyumba haikuhitajika. Kwa kweli nyumba ingeharibu mpango mzima, kwa sababu maana yake ilikuwa ni kutokuweka mali mahali pamoja.

Kilichobadilisha mambo ni kodi. Mwezi wa Aprili 1902 eneo la mashariki mwa Ziwa lilihamishwa kutoka Uganda kwenda Himaya ya Afrika Mashariki. Serikali ikafungua kituo Karungu, kwenye ufuo ambao leo uko Kaunti ya Migori, kisha mwaka 1907 ikaweka boma la utawala Kisii kwenye nyanda za juu. Kodi ya nyumba ilipokelewa mwanzoni hata kwa mifugo na kwa kazi ya mikono, lakini serikali ilitaka fedha. Kila mwaka kila mwenye nyumba alilazimika kutafuta rupia: auze mbuzi, auze ngozi, au aende kibarua. Rupia ile ilishikwa mkononi siku chache tu. Ilitoka kwa muuza duka au kwa mwajiri, ikapita kwa mwenye nyumba, ikaingia mfukoni mwa karani wa chifu, ikapanda mpaka boma, ikaondoka. Benki hujengwa pale pesa zinapotulia. Huku hazikutulia.

Waliobaki na chenji ni wenye maduka. Wafanyabiashara Wahindi walifungua Kendu Bay, Homa Bay, Oyugis, Rangwe na kwingineko, na duka likawa mahali pa kuuza, kununua, kukopa na kuweka. Mkubwa wao wote alikuwa Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ambaye maduka yake yalitoka pwani hadi Kisumu, yakavuka mpaka Uganda na kugusa Kongo. Pale ambapo hakukuwa na benki, hata maofisa wa serikali walimtegemea: karatasi iliyoandikwa na wakala wake mahali pamoja ilitoa fedha mahali pengine. Visram alifariki mwaka 1916. Nadhani anastahili kuhesabiwa miongoni mwa mabenki ya kwanza ya Afrika Mashariki, ingawa kasha lake lilikaa nyuma ya magunia ya chumvi.

Kuta nazo hazikuwa kinga ya uhakika. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na tarehe 12 pakapiganwa. Waingereza walipokuwa wamejiondoa mjini, boma na maduka yaliporwa, na misheni ya Nyabururu ikapata yake. Utawala uliporudi, ulitoza watu wa Kisii faini ya maelfu ya ng'ombe. Meneja yeyote aliyesoma habari hizo Nairobi angeona sababu ya kusubiri kidogo.

Lakini si vita vilivyozuia benki. Vita vilipita. Kilichodumu ni sheria, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana sheria huchosha ila hii ndiyo kiini cha sura.

Ardhi ya Mwafrika ndani ya hifadhi, yaani maeneo yaliyotengewa wenyeji, haikuwa na hati. Haikuwezekana kuiweka rehani, basi haikuwezekana kukopa kwa dhamana yake. Juu ya hilo serikali iliweka sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Ilianza mwaka 1903, ikakazwa mwaka 1926: mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya pauni 10, yaani shilingi 200, bila idhini ya ofisa wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Serikali ilisema inamlinda mwenyeji asinyonywe na wenye maduka. Huenda walikuwemo maofisa walioamini hivyo kwa dhati. Matokeo yake ni kwamba mchuuzi wa Asumbi aliyetaka kununua mashine ya kusaga hakuwa na mlango wa kubisha. Mlowezi wa Uasin Gishu alikopa mbegu, jembe la maksai na waya wa ua. Mkulima wa Nyanza Kusini alilindwa dhidi ya mkopo. Ukiuliza kwa nini kasha lilikokotwa hadi 64 na halikukokotwa hadi Rangwe, jibu limo humo. Tope la Londiani halikuwa jepesi kuliko letu.

Na aliyejiwekea mwenyewe, bila benki, alikiona cha mtema kuni mwaka 1921. Serikali ilikuwa imeamua kuachana na rupia ya India. Mwaka 1920 ikaleta florini, na muda si muda florini nayo ikaachia nafasi shilingi. Mapema mwaka 1921 rupia ya India ikatangazwa kuwa si fedha halali tena, kwa taarifa ya muda mfupi mno. Mwenye akaunti Mombasa au Nairobi hakupata shida. Karani alibadilisha tarakimu kwenye daftari. Lakini mtu aliyekuwa amezika rupia zake kwenye chungu chini ya ghala, akingojea msimu wa mahari, alizifukua akakuta ana vipande vya fedha visivyomnunulia hata kiberiti. Mwaka huo huo, Desemba, maelfu walikusanyika Lundha huko Gem, mkutano ulioingia kwenye historia kwa jina la Piny Owacho. Walilalamikia kodi, kitambulisho cha kipande na kazi za lazima. Mtu akiujua mkasa wa rupia haoni ajabu kwamba hasira ilikuwa imefika pale.

Serikali ilikuwa na jibu dogo: benki ya akiba ya posta, iliyoanzishwa mwaka 1910. Kitabu cha posta kilikuwa rafiki wa mwalimu, wa askari na wa karani. Kiliweka, kikatoa, hakikukopesha. Pesa za walimu wa kijijini zilikusanywa na kwenda kuwekezwa mbali, nao wakabaki na kitabu chenye mihuri. Sikidharau kitabu hicho. Kuna ada za shule zilizotoka humo. Nasema tu kwamba pesa hizo nazo hazikuacha tofali hata moja nyumbani.

Jaribio la kuzifanya ziache tofali lilitoka kwa mwalimu. Jaramogi Oginga Odinga, aliyefundisha Maseno, aliacha kazi akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947. Akazunguka Nyanza na kwingineko akiuza hisa kwa watu ambao hawakuwahi kumiliki hisa, akiwaambia wachange wajenge chao. Shirika hilo lilijenga Ramogi House mjini Kisumu. Biashara zake nyingine hazikufana zote, na wahasibu wangekuwa na mengi ya kusema, lakini ile nyumba ilikuwa hoja iliyosimama barabarani: pesa za watu wa hifadhi zikitulia mahali pamoja, nazo zinaweza kuwa ukuta.

Uhuru ulipokuja mambo yalikwenda haraka, nami nitakwenda haraka vilevile. Mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa, ikawachukua walimu ambao hadi hapo walikuwa wakilipwa kupitia wasimamizi wa shule, yakiwemo makanisa. Mshahara ukaanza kupitia benki, na benki ikawa safari: mwisho wa mwezi walimu walipanda magari kwenda Kisii au Homa Bay, wakapanga foleni mpaka nje, wakamkuta keshia amefunga dirisha kwa ajili ya chakula cha mchana, wakalala kwa jamaa. Benki ya Ushirika ilianza kazi mwaka 1968. Mwaka 1970 serikali ilinunua asilimia 60 ya National and Grindlays, ambayo ndiyo ile National Bank of India iliyokuwa imeungana na Grindlays mwaka 1958, ikaipa jina la Kenya Commercial Bank. Kiwanda cha sukari cha Sony kikaanza kusaga Awendo mwaka 1979, na miwa ikaleta malipo ya mkupuo kwa wakulima wa kuanzia Rongo kwenda chini. Hapo ndipo benki zilipoona faida ya kusogea. Akina mama hawakuwa wamezingoja. Nyoluoro zao, yaani vyama vya kuchangiana kwa zamu, zilikuwa zikizunguka siku zote hizo bila kaunta wala nguzo.

Kisha mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa, na mwenye duka akawa benki tena. Anapokea, anatoa, anaandika kwenye daftari, nyuma yake kuna chumvi na sabuni. Visram asingehitaji kuelezwa. Mwaka 2010 Benki Kuu iliruhusu mabenki nayo yatumie mawakala, na tangu hapo ofisi ya benki kwenye mji mdogo inaweza kuwa meza, mwavuli na kijana mwenye kimashine. Ujenzi wa benki ya mawe kwenye miji yetu midogo ulimalizika kabla haujaanza sawasawa.

Kwa hiyo nyumba ya benki ya watu wa Asumbi iko wapi? Mimi huwa naitafuta Nairobi, Moi Avenue, barabara ambayo zamani iliitwa Government Road. Pale katikati ya kelele za matatu limesimama jengo lenye nguzo, lililokuwa la National Bank of India, kisha la Grindlays, kisha la Kenya Commercial Bank. Leo ni Nyaraka za Taifa. Ndani, ghorofa ya chini, kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966, vinyago na vitambaa na stempu, vimepangwa mahali ambapo wateja walikuwa wakisubiri zamu. Jengo lililotengenezwa kwa ajili ya kutunza fedha hugeuka kirahisi kuwa la kutunza karatasi. Zote mbili huogopa moto, unyevu na mikono mirefu.

Karibu na hapo, tangu 2011, imesimama sanamu ya Tom Mboya, mtu wa Rusinga, waziri wa mipango ya uchumi, aliyepigwa risasi kwenye barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969. Watu wa Nyanza Kusini wanaokuja Nairobi hupiga picha kwenye sanamu, kisha wanapanda gari. Wachache huvuka kuingia kwenye jengo.

Wangeingia wangezikuta ripoti za kila mwaka za wilaya iliyoitwa South Kavirondo, ambayo Asumbi ilikuwa ndani yake: kodi iliyokusanywa, nyumba zilizohesabiwa, mazao yaliyouzwa, mvua iliyokataa, machifu waliosifiwa na machifu waliolaumiwa. Rupia zilizochukuliwa kutoka bomani kwa babu zetu zilikwisha kutumika zamani, lakini risiti yake, kwa namna moja au nyingine, imewekwa katika nyumba iliyokuwa ya benki ya rupia. Anayetaka kusoma ajiandikishe kama msomaji, kisha aombe faili zenye alama ya DC/KSI. Nyingi za ripoti hizo husomwa kwenye filamu ndogo, maandishi yamefifia na mashine ina joto, basi aende asubuhi, na miwani asiisahau.